Shahidi Asiyehojiwa

Kompyuta haijawahi kuiona diski iliyo ndani ya kasha la USB. Wateja wangu hapa Kitale hushangaa nikiwaambia hivyo, maana kwenye skrini wanaona jina la diski, ukubwa wake na mafaili yao yote yamejipanga. Lakini kati ya waya wa USB na diski yenyewe kuna chipu moja ndogo kuliko ukucha, mara nyingi ya kampuni za Taiwan kama JMicron, ASMedia au Realtek, na hiyo ndiyo inayojibu kila swali. Kompyuta inasema USB, diski inasema SATA, na chipu ni mkalimani aliyeketi katikati. Kompyuta ikiuliza diski ina ukubwa gani, anayejibu ni mkalimani. Ikiagiza kitu kiandikwe kisha ihakikishiwe kwamba kimefika, anayesema "kimefika" ni mkalimani. Naye anaongozwa na programu dhibiti, fimwea kama tunavyoiita mafundi, makumi ya kilobaiti tu, ambayo mara nyingi huhifadhiwa katika chipu nyingine ya miguu minane iliyo kando yake. Anayeibadilisha programu hiyo anabadilisha yote ambayo kompyuta itaamini kuhusu diski ile, na diski yenyewe haijaguswa.

Hapo ndipo kazi yangu inapokutana na dini yangu. Ikiwa kuna njia moja tu ya kulifikia jambo, na njia hiyo ni neno la mwingine, nina haki gani ya kuliamini neno hilo? Na nikikataa kuliamini, nabaki na nini?

Natengeneza kompyuta, lakini moyo wangu uko zaidi kwenye kuhifadhi sauti. Watu wananiletea kwaya za makanisa, mahubiri ya wazee waliokwisha kutangulia, na hasa kumuse. Kwetu Babukusu, mzee wa kuheshimiwa akizikwa, siku chache baadaye huitwa msemaji maalumu wa kumuse. Hutembea mbele na nyuma katikati ya waombolezaji, akieleza watu walikotoka, koo zilivyogawanyika, marika yalivyofuatana, huku akiwafariji waliofiwa na kuwaonya walio hai. Kazi hiyo haifanywi na kila mwenye ulimi mwepesi, na wanaoiweza wanazidi kupungua. Familia nyingi zimerekodi maneno hayo na kuyaweka kwenye diski, na diski zenyewe ziko kwenye makasha ya bei nafuu juu ya kabati, Kimilili, Chwele, Ndivisi, Kanduyi. Kwa hiyo chipu ile ndogo inasimama kati ya wajukuu na babu zao. Sitaki mtu aniambie kwamba ni jambo dogo.

Nililelewa katika nyumba ya Kanisa la Friends, upande wa Lugulu. Wamisionari wa kanisa hilo, waitwao pia Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na kutoka huko imani hiyo ikaenea hadi kwetu Bungoma, ikashika mizizi. Nilipokuwa msichana, babangu aliitwa mahakamani Bungoma kutoa ushahidi katika kesi ya mpaka wa shamba. Karani alimnyoshea Biblia ili aape. Babangu akasema kwa upole kwamba hataapa, atathibitisha tu. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunong'onezana, wakidhani ana jambo analolificha, maana mtu anayekataa kushika Biblia atakuwa anaogopa nini? Hakimu hakushangaa. Sheria ya Kenya inaruhusu uthibitisho badala ya kiapo, na hata Katiba ya 2010, katika viapo vya maafisa wa nchi vilivyo kwenye Jedwali la Tatu, inampa mtu nafasi ya kuchagua kuapa au kuthibitisha.

Jioni tukirudi nyumbani nilimuuliza sababu. Alinieleza kwamba mtu akiapa ili aaminiwe leo, amekiri kwamba jana alipokuwa hajaapa hakustahili kuaminiwa. Kweli haina ngazi mbili. Na aliongeza jambo ambalo sikulielewa wakati ule: kwamba hakimu asimwamini kwa sababu ya namna alivyolitamka neno, amwamini kwa sababu jirani zake wote wako pale, mawe ya mpaka yako shambani, na yeyote anaweza kwenda kuhakikisha. Watu wa George Fox, mwanzilishi wa Friends, walifungwa jela Uingereza katika karne ya 17 kwa kushikilia jambo hili la kutoapa. Nilijifunza habari zao baadaye, lakini hoja yenyewe niliipata kwa babangu, tukiwa tunatembea kwenye vumbi.

Nakuja sasa kwa mzee mmoja aliyefika dukani kwangu kutoka upande wa Webuye, amebeba diski mkononi na kasha tupu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amepanda matatu akapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, diski ile akiwa ameishikilia mapajani njia nzima. Ndani yake kulikuwa na kumuse ya kaka yake mkubwa.

"Mwanangu," akaniambia, "hii kitu ilikuwa inakatika-katika. Kijana wangu akafungua kisanduku, akatoa diski akaiunganisha moja kwa moja kwa kompyuta ya shule. Ikasema haina kitu. Sasa nani anadanganya, kisanduku ama diski?"

Nimeulizwa maswali mengi ya kifundi, na sidhani limewahi kuja lililo zuri kuliko hilo. Jibu lake ni hili. Jedwali la kizamani linalogawanya diski katika sehemu huhesabu vipande vya diski kwa namba ya biti 32. Kipande kikiwa cha baiti 512, hesabu hiyo inafikia ukomo kwenye tebibaiti 2. Baadhi ya watengenezaji wa makasha walitafuta njia ya mkato: chipu inaiambia kompyuta kwamba kila kipande kina baiti 4096, huku kwa siri inaunganisha vipande vinane vya kweli kuwa kimoja. Kompyuta inaamini, inaigawa diski kwa hesabu hiyo, na mambo yanaenda sawa kwa miaka. Siku diski inapotolewa kwenye kasha, inajisemea yenyewe kwamba vipande vyake ni vya 512. Namba zilizoandikwa kwenye jedwali sasa zinaelekeza mahali pasipo na kitu, na kompyuta inatangaza kwamba diski ni tupu. Sauti ya marehemu iko palepale ilipoandikwa. Kilichopotea ni mkalimani.

Mfumo wa Linux una amri iitwayo losetup inayoweza kuambiwa ichukue diski na kuihesabu kwa vipande vya 4096. Niliiandika, na mafaili yakatokea moja baada ya jingine. Mzee akaketi. Baada ya muda akasema, "Kumbe siku zote tulikuwa tunasikiliza neno la kisanduku."

Nilimweleza kwamba kisanduku chenyewe kilikuwa na kasoro nyingine, hii ya kukatika. Programu dhibiti yake ilikuwa inailaza diski ikikaa kimya dakika chache, na kompyuta ikiiamsha, chipu inachelewa kuitika hadi Linux inakata tamaa na kuliondoa kasha zima. Haya yanaonekana waziwazi kwenye kumbukumbu za kaneli, yaani kiini cha Linux, ukiandika dmesg. Dawa ni kusasisha programu ile. Watengenezaji wengi hutoa chombo cha kusasisha kinachofanya kazi kwa Windows peke yake, na sisi wa Linux tunaachwa mlangoni. Si wote. Hardkernel ya Korea Kusini, watengenezaji wa kompyuta ndogo za ODROID, walipotumia chipu ya JMS578 walitoa pia programu ya kuisasisha inayoendeshwa kwa Linux. Kuna pia fwupd, kazi iliyoanzishwa na Richard Hughes wa Red Hat mnamo 2015, ambapo kampuni hupeleka programu dhibiti mahali pamoja na Linux ya mtu yeyote huzipokea zikiwa zimetiwa saini ya kidijitali.

Saini ni jambo zuri na naitumia kwa shukrani. Inanithibitishia kwamba kifurushi kimetoka kwa fulani na hakijachezewa njiani. Lakini haisemi kwamba huyo fulani ameandika kweli. Mtu mwaminifu na mtu mzembe wote wana saini. Ndiyo maana kila ninapoona neno "imethibitishwa" kwenye skrini, namkumbuka babangu mbele ya karani: kiapo kinaniambia ni nani amesema, na mawe ya mpaka bado yako shambani yananingoja niende nikayaone.

Sasa angalia kinachotokea baada ya kusasisha. Chombo kinaandika programu mpya kwenye chipu. Kisha, ili kuhakikisha, kinaiuliza chipu: una toleo gani? Chipu inajibu: nina jipya. Chombo kinaandika kwamba kazi imefanikiwa. Wengi huishia hapo, na kwa kazi nyingi inatosha. Lakini anayejibu swali hilo ni programu ileile inayochunguzwa. Ikiwa ni nzima, itasema ni nzima. Ikiwa imeharibika kwa namna fulani, au imeandikwa na mtu mwenye nia mbaya, nayo itasema ni nzima. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha huko Las Vegas jinsi programu dhibiti ya kifaa cha USB inavyoweza kuandikwa upya hadi kifaa cha kuhifadhia mafaili kikajitambulisha kama kibodi na kuanza kuandika amri chenyewe. Kukiuliza kifaa kama hicho "wewe ni nani?" hakukusaidii kitu.

Torati ililiona tatizo hili zamani. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19 ushahidi wa mtu mmoja haukubaliki, wanatakiwa wawili au watatu. Injili ya Yohana inalichukua jambo hilo na kulipeleka kwa Yesu mwenyewe. Katika sura ya 5 anakubali kwamba akijishuhudia peke yake ushahidi wake haungesimama, naye anawataja mashahidi wengine: Yohana Mbatizaji, kazi anazozifanya, Baba, Maandiko. Kisha katika sura ya 8 Mafarisayo wanamshika kwa hoja hiyohiyo, na safari hii anasema ushahidi wake ni kweli hata akijishuhudia mwenyewe. Nikiwa kijana sura hizi mbili zilinisumbua, kwa sababu niliona zinapingana na mhubiri alizipita haraka.

Siku hizi nazisoma pamoja na Waebrania sura ya 6, panaposemwa kwamba Mungu alipomwahidi Abrahamu aliapa kwa nafsi yake, kwa kuwa hakuna aliye mkuu kuliko yeye wa kuapia. Mimi naamini jibu limo humo. Yuko mmoja tu ambaye neno lake juu yake mwenyewe linatosha, kwa sababu nyuma yake hakuna mahali pengine pa kwenda kuuliza. Kila kilichoumbwa, mtu au chuma, kina nyuma yake mahali pa kuuliza. Kwa hiyo kiumbe kinachodai kuaminiwa kwa neno lake peke yake, na kufunga njia zote za kukihoji, kimekalia kiti kisicho chake. Nalisema hili juu ya chipu, juu ya mchungaji, juu ya serikali, na hata juu yangu mimi fundi, ninayemwambia mteja "imepona" naye hana namna ya kujua.

Jirani yangu wa duka ni Mwislamu, anauza vitambaa, na alisoma chuo cha dini kabla ya biashara. Nilipomsimulia jambo la mkalimani wa diski alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya nyumbani. Akanieleza kwamba wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakuridhika na maneno yaliyopokewa, walitaka isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana: fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Kila jina katika mlolongo lilichunguzwa katika vitabu vinavyoeleza wapokezi: alizaliwa lini, aliishi wapi, je, alikutana kweli na anayedai kumsikia, kumbukumbu yake ilidhoofika uzeeni? Na hakuna mpokezi aliyeaminiwa kwa kujisifu, sharti wengine wamsemee. Aliniambia kuna kosa liitwalo tadlisi, pale mpokezi anapoficha aliyemsikia hasa na kusimulia kama kwamba amesikia moja kwa moja kutoka kwa aliye juu. Nikamwambia, ustadhi, hiyo ndiyo chipu inayosema "diski ina vipande vya 4096."

Kuna kitu ndani ya Linux kinachonikumbusha vitabu hivyo vya wapokezi. Katika msimbo wa kaneli kuna faili iitwayo unusual_devs.h na nyingine iitwayo unusual_uas.h. Humo vimeorodheshwa vifaa vya USB vyenye kasoro, kila kimoja kwa namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa (JMicron ni 152d, ASMedia ni 174c), pamoja na aina ya kasoro yake: hiki hudanganya kuhusu ukubwa wake, hiki kisiulizwe swali fulani maana huzimika, hiki hudai kujua njia ya mawasiliano iitwayo UAS na hakiijui vizuri. Na mara nyingi juu ya kila kifaa limeandikwa jina la mtu aliyetoa taarifa. Mtu fulani, mahali fulani duniani, aliketi na kasha lake bovu, akalichunguza, akatoa ushahidi kwa jina lake. Kaneli inapopokea kifaa hicho inakitumia bado. Haikitupi. Inajua tu ni neno gani lake la kuaminiwa na lipi la kuachwa. Nimeisoma orodha hiyo kwa heshima ninayoisomea kumbukumbu za kanisa.

Lakini Bungoma ina habari nzito zaidi kuhusu shahidi asiyehojiwa, na siwezi kuliandika suala hili nikaiacha. Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mashuhuri wa kandanda, aliyewahi kuwa katika mikono ya misheni ya Friends, aliondoka akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, akihubiri watu warudi kwa Wele, Mungu wa Babukusu, na kwa desturi za wazee wao, na kwamba wazungu waondoke. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi. Aliachiliwa mwaka 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, watu wakafa, na mwaka huohuo Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku.

Sikubaliani na mengi aliyoyahubiri Masinde, na kati ya watu wa kanisa letu wapo waliomwogopa. Lakini hebu tazama jinsi alivyofungiwa. Serikali iliyotaka anyamaze ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kumpeleka apimwe akili, ndiyo iliyomwajiri daktari, ndiyo iliyohifadhi faili. Mtu akishaandikwa kwamba ni mwendawazimu, kila anachosema kujitetea kinahesabiwa kuwa dalili. Hakuna swali ambalo angeweza kuuliza lisilopitia mdomo wa yule aliyemfunga. Waliokuwa wakimsikiliza Kimilili walikuwa na ushahidi mwingine kabisa juu yake, na ushahidi huo haukuwa na pa kuingilia. Kosa kubwa la utawala ule, kwa maoni yangu, lilikuwa hili: ulijifanya mkalimani pekee kati ya mtu na ukweli wa mtu huyo, ukafunga mlango. Kuamini kwamba Masinde alikuwa mgonjwa au mzima ni jambo la baadaye.

Wapo watakaosema kwamba nikienda hivi sitaishia popote. Kila shahidi atahitaji shahidi, na huyo naye mwingine. Ni kweli. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alilionyesha hilo katika hotuba yake ya tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984. Alieleza jinsi programu inayotafsiri msimbo inavyoweza kufichwa hila ndani yake, ikaipandikiza hila hiyo katika kila toleo jipya lake yenyewe, hata msimbo unaosomwa na watu ukiwa safi kabisa. Ukishuka chini ya programu utakuta programu nyingine, ukishuka chini ya hiyo utakuta chipu, na chini ya chipu kiwanda ambacho sitakitia mguu. Mwisho wa mlolongo kuna mtu ambaye nimekubali tu neno lake.

Mwaka huohuo wa 1984, wanasayansi wa kompyuta Saltzer, Reed na Clark walichapisha makala iliyotoa ushauri mwingine, nami naushika: usitegemee walio katikati ya njia wakuthibitishie kwamba ujumbe umefika salama, wahakikishe walio kwenye miisho, aliyeutuma na aliyeupokea. Wa katikati wanaweza kusaidia, lakini hawawezi kuwa waamuzi. Mifumo ya mafaili kama ZFS na Btrfs imejengwa kwa wazo hilo, kila kipande cha data kina hesabu yake ya kukihakiki, ili diski au chipu ikibadilisha biti moja ijulikane. Nikisikia hoja hii nasikia pia mkutano wetu wa ibada. Mchungaji anasaidia, lakini hakuna kati yangu na Mungu mtu ambaye neno lake haliwezi kupimwa.

Basi kasha la mzee nililisasisha hivi. Kwanza nilinakili kila faili kwenye diski mbili nyingine, kila moja katika kasha lenye chipu ya kampuni tofauti, ili kosa la chipu moja lisijirudie kwa nyingine. Kwa kila faili nikaendesha sha256sum, inayotoa mstari wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika kabisa biti moja ikibadilika. Mistari hiyo niliiandika kwa kalamu kwenye daftari. Wanafunzi wangu hucheka kwamba fundi wa kompyuta anaandika kwa mkono, lakini karatasi haina programu dhibiti.

Kisha nikafungua kasha, diski ikiwa bado nje. Chini ya kipande laini cha kupoza joto palikuwa na chipu ya JMicron, na kando yake ile ndogo ya miguu minane. Nilibana klipu juu ya miguu hiyo, nikaiunganisha na kifaa cha CH341A (kinapatikana kwa bei ndogo, ila yapo matoleo yanayotoa volti 5 mahali panapotakiwa 3.3, kwa hiyo pima kabla hujabana), na kwa programu iitwayo flashrom nikaisoma programu ya zamani yote. Niliisoma mara ya pili na kulinganisha. Huyo ndiye shahidi wa pili: nimeyasoma maandishi yenyewe bila kumuuliza mkalimani.

Kusasisha kwenyewe ni kazi ya muda mfupi. Nilitumia kompyuta ya kupakata yenye betri iliyojaa, kwa sababu majira ya mvua hapa Kitale radi hupiga alasiri na stima hupotea bila taarifa. Ikipotea wakati programu ya zamani imefutwa na mpya haijamaliza kuandikwa, kasha linabaki bubu. Baada ya hapo chombo kikaniambia toleo jipya limeingia. Nikabana klipu tena, nikasoma, nikalinganisha na faili niliyoiandika. Zikalingana. Nikarudisha diski ndani, na hapo ikaonekana kwamba programu mpya bado inasema 4096, jambo nililotaka kujua mapema maana toleo likibadilisha jibu hilo diski ingeonekana tupu tena. Nikazima kila kitu, nikawasha, nikasoma mafaili yote na kulinganisha na daftari. Mistari yote ilikuwa sawa.

Je, sasa nina uhakika? Nina uhakika wa aina fulani, na nataka kuwa mwangalifu kuueleza. Najua kwamba faili la leo ni lilelile la siku nilipolipima. Mstari wa sha256 hauwezi kuniambia kwamba kabla ya siku hiyo chipu haikuwa imelaza diski katikati ya kuandika na kumeza sentensi. Wala hauwezi kuniambia yaliyosemwa pale uwanjani. Kwa hilo anahitajika mtu aliyekuwepo.

Mzee aliporudi kuchukua diski nilimwomba aketi tuisikilize yote. Alisikiliza akiwa ameinama, mkono kwenye fimbo. Mara kwa mara aliinua kidole. Hapa, alisema, mvua ilianza, ndiyo sauti hiyo unayosikia kwenye turubai. Hapa msemaji alisimama kwa sababu mtu alimkatia njia, na si vizuri kumkatia njia. Mahali fulani sauti iliruka, sentensi ikakatika katikati ya orodha ya ukoo. Nikamuuliza kama anakumbuka kilichosemwa. Akafumba macho, akataja jina.

Nilimwomba arudi na wengine waliokuwepo, na alikuja na binamu yake wa Ndivisi, mzee kumliko. Nilimchezea binamu sehemu ile bila kusema mwenzake alijibu nini. Binamu akataja jina jingine. Wakabishana kwa Kibukusu muda mrefu, kwa heshima lakini bila yeyote kurudi nyuma, nami niliwaletea chai nikawaacha. Hawakupatana. Kwenye daftari, chini ya mistari ya tarakimu 64, niliandika dakika ambayo sauti inaruka, majina yote mawili ya ukoo, na mbele ya kila jina nani amelisema. Wote wawili wakatia saini.